Kukuza tuisheni ya franchaizi: kutoka kituo kimoja hadi mtandao wa matawi

Kituo cha tuisheni kinaweza kujaa wanafunzi na bado kisiwe biashara inayoweza kukua. Mara nyingi aliyekijaza ni mtu mmoja: mwalimu anayeaminiwa na wazazi, anayejua kila mtoto amekwama wapi, na ambaye akiugua wiki moja simu hazikomi. Mtu huyo hagawanyiki. Franchaizi ni kuuza kile kinachobaki ukishamwondoa: jina, mtaala na namna ya kuendesha kazi. Kama hakibaki kitu, hakuna cha kuuza.

Mwongozo huu ni wa mtu mwenye kituo kimoja kinachokwenda vizuri, anayetaka kufika kwenye matawi kadhaa yanayoendeshwa na watu wengine kwa jina lake. Anayefikiria kununua tawi naye asome, kwa sababu maswali ni yale yale, yeye anayatazama kutoka upande wa pili. Anayetoa jina nitamwita mwenye jina, anayelinunua nitamwita mwenye tawi. Mwenye tawi huweka mtaji wake, hulipa ada ya kuingia mara moja, kisha hulipa mrabaha, yaani asilimia fulani ya mapato, kila mwezi. Mwenye jina humpa haki ya kutumia alama ya biashara, vifaa vya kufundishia, mafunzo na usimamizi.

Hatua ya 1: Toa ufundi kichwani, uweke kwenye karatasi

Mfano unaofundisha zaidi ni wa Kumon. Mwaka 1954 Toru Kumon, mwalimu wa hisabati nchini Japani, alianza kumwandalia mwanawe Takeshi, aliyekuwa darasa la pili, karatasi za mazoezi ya kila siku. Mwaka 1958 alifungua ofisi Osaka, na baadaye njia hiyo ikaenea katika mabara mengi. Kumon alikuwa mwalimu hodari, lakini uhodari wake haukusafiri naye. Kilichosafiri ni zile karatasi: hatua ndogondogo, kila moja ikipanda kidogo juu ya iliyotangulia, mtoto akianzia pale anapoweza na kurudia mpaka aelewe. Mtu asiye bingwa wa hisabati aliweza kusimamia darasa, kwa kuwa ubingwa ulikuwa umeshawekwa ndani ya karatasi.

Kwako wewe, kazi ya kwanza ni kuandika mambo matatu. La kwanza ni jaribio la kupima kiwango, ambalo mtoto hulifanya siku anayoandikishwa na ambalo humwonyesha mwalimu yeyote mahali pa kuanzia. La pili ni ngazi za mada, zikiwa na mazoezi yake na majibu yake. La tatu ndilo husahaulika: kanuni ya lini mtoto apande ngazi na lini arudi nyuma. Bila kanuni hiyo kila mwalimu atapandisha kwa huruma au kwa shinikizo la mzazi, na mwaka wa pili utakuta watoto wako ngazi ya juu huku hesabu za sehemu, kama nusu na robo, zinawashinda.

Aina ya tuisheni unayotoa inaamua utaweza kukua kwa kiasi gani. Tuisheni ya kusaidia kazi za nyumbani ndiyo ngumu kuliko zote kuigeuza franchaizi, kwani kila mtoto huja na lake na kila shule ina mwendo wake. Wazazi huipenda, na kituo kimoja kinaweza kuishi nayo vizuri sana. Ila unapotaka matawi kumi, unajikuta unategemea walimu kumi wa aina yako, na hao hawapatikani. Tuisheni ya ngazi, ambamo mtoto anafuata njia yako wala si ratiba ya shule yake, ndiyo inayonakilika. Maandalizi ya mtihani wa taifa yapo katikati: mtaala unajulikana, lakini wanafunzi hutoweka siku mtihani unapokwisha.

Kipimo cha kujua kama umefaulu hatua hii ni kimoja. Mwite mwalimu asiyekujua, mpe vifaa vyako na mafunzo ya wiki mbili, kisha ondoka kwa muhula mzima. Usipige simu. Ukirudi, angalia maendeleo ya watoto na uhesabu ni wangapi wamehama.

Hatua ya 2: Fanya hesabu ya viti kabla ya hesabu ya matawi

Hapa nitakaa zaidi, maana matawi mengi huanguka kwa hesabu hii na si kwa ubovu wa walimu.

Chukua kituo chenye zamu 10 kwa wiki, yaani mbili kila jioni kwa siku tano. Chumba kina viti 15. Kila mwanafunzi huja mara mbili kwa wiki, na mwalimu mmoja hashiki zaidi ya wanafunzi 5 kwa zamu. Kwa viti, kikomo ni wanafunzi 75. Lakini watoto hawajigawi sawa, kuna siku zinazofurika na siku zinazopwaya, hivyo wanafunzi 60 ndicho kituo kilichojaa kwa kweli.

Sasa weka fedha, ya nchi yoyote. Ada ni 100 kwa mwanafunzi kwa mwezi. Kodi ya pango 1,000, mshahara wa msimamizi 900, umeme, intaneti na vifaa 350. Hizo 2,250 zinalipwa hata asipokuja mtoto mmoja. Mwalimu analipwa 15 kwa zamu, kwa hiyo kuwa na mwalimu mmoja katika zamu zote za mwezi kunagharimu kama 650. Mrabaha ni asilimia 8 ya mapato, na mfuko wa matangazo asilimia 2. Tuchukulie pia watoto wamegawanyika sawa kwenye zamu, hesabu iwe nyepesi.

Kwa wanafunzi 30 unahitaji walimu wawili kila zamu, na unapata hasara ya 850. Mwezi huo huo wa hasara, mwenye jina anachukua 300, maana mrabaha na mfuko wa matangazo hukatwa kwenye mapato, si kwenye faida. Kwa wanafunzi 40 unabaki na 50, yaani umefika pale gharama na mapato yanapolingana. Kwa wanafunzi 50 unabaki na 950.

Kisha anaingia mwanafunzi wa 51. Kila zamu sasa ina zaidi ya watoto 10, lazima uongeze mwalimu wa tatu, na faida inashuka kutoka 950 hadi 390. Utahitaji kufikisha wanafunzi 58 ndipo urudi pale ulipokuwa na 50. Ukiwa na 60 unabaki na 1,200.

Hapo ndipo wengi wanaponaswa. Mwenye tawi anaona wanafunzi wanaongezeka na fedha inapungua, anadhani anaibiwa, kisha anamwondoa mwalimu wa tatu. Watoto sita au saba wanabanana kwa mwalimu mmoja, wazazi wanaona, na miezi mitatu baadaye yuko kwenye 45. Dawa yake ni kujua ngazi za gharama kabla hujazifikia. Ukikaribia 50, tengeneza orodha ya wanaosubiri. Wakitimia wanane au tisa, waingize kwa mpigo pamoja na mwalimu wao. Au jaza kwanza zile zamu zinazopwaya kabla ya kuongeza mtu kwenye zinazofurika.

Hesabu nyingine ambayo haionekani kwenye vipeperushi vya kuuza franchaizi ni ya miezi ya mwanzo. Tuseme tawi jipya linaongeza wanafunzi wanne kila mwezi, bila kupoteza hata mmoja, likianza na mwalimu mmoja na kuongeza wa pili wanapozidi 25. Litafikia wanafunzi 40 mwezi wa kumi. Jumlisha hasara za miezi tisa iliyotangulia: 11,850. Hiyo ni faida ya karibu miezi kumi ya kituo kilichojaa, na bado hujahesabu ada ya kuingia, samani, kodi ya serikali, rejesho la mkopo wala chakula cha mwenye tawi mwenyewe. Mtaji wa kuendeshea uwe wa miezi hiyo yote pamoja na akiba ya likizo ndefu, ambapo wazazi husitisha malipo huku mwenye nyumba akidai yake.

Badilisha tarakimu kwa zako, umbo la hesabu litabaki lile lile. Kama kituo chako cha kwanza kikijaa hakiwezi kulipa mrabaha, mshahara wa msimamizi na bado kikamwachia mwenyewe riziki, basi huna cha kumuuzia mtu. Wamiliki wengi wa kituo kimoja hawalioni hili kwa sababu wao ndio msimamizi na hawajilipi.

Hatua ya 3: Ziba tundu kabla ya kumwaga maji

Kama kila mwezi asilimia 10 ya wanafunzi wanaondoka, mwanafunzi wa kawaida anakaa miezi 10, na kituo cha wanafunzi 60 kinahitaji wapya sita kila mwezi ili kisirudi nyuma. Punguza uondokaji uwe asilimia 5: mwanafunzi anakaa miezi 20, na unahitaji wapya watatu tu. Hakuna tangazo lenye nguvu hiyo.

Mzazi haondoki kwa sababu mtoto hajaendelea. Anaondoka kwa sababu hajaona kama mtoto ameendelea, na hayo ni mambo mawili tofauti. Mtoto wa darasa la saba anayerudishwa kwenye sehemu za darasa la nne anapiga hatua kubwa, lakini ripoti ya shule haitaonyesha chochote kwa muhula mzima. Usipomweleza mzazi mapema atakuondokea mwezi wa tatu, wakati kazi ndiyo inaanza kushika. Kwa hiyo weka utaratibu ulioandikwa: kikao cha siku ya kwanza kinachoeleza jaribio limeonyesha nini na itachukua muda gani, simu baada ya wiki ya tatu, kikao cha ana kwa ana kila baada ya wiki kumi hivi, mtoto akiwapo, karatasi yake ya kwanza na ya jana zikiwa mezani pamoja. Karatasi mbili hizo zinasema kuliko maneno yako yote.

Usiahidi alama. Mwaka 1984 Benjamin Bloom, mtafiti wa elimu wa Marekani, aliripoti kwamba wanafunzi waliofundishwa mmoja mmoja, kwa utaratibu wa kutosonga mbele mpaka waelewe, waliwapita wenzao wa darasa la kawaida kwa tofauti kubwa mno. Wauzaji wa tuisheni wamekuwa wakilirudia hilo tangu wakati huo, ilhali tafiti zilizofuata ziliona faida halisi lakini ndogo kuliko hiyo. Ahidi unachokitawala: mahudhurio, marekebisho ya kazi, taarifa kwa mzazi.

Fuatilia kila mwezi idadi tatu kwa kila kituo: walioulizia, walioandikishwa, walioondoka na sababu yao. Ile ya sababu iandikwe na mtu aliyempigia mzazi simu, isikisiwe.

Hatua ya 4: Kituo cha pili kiwe chako mwenyewe

Kabla ya kumuuzia mtu jina, fungua kituo cha pili kwa fedha yako, mbali kiasi kwamba huwezi kwenda kila siku, katika mtaa ambao haukujui. Kiendeshwe na msimamizi wa kuajiriwa. Kipitishe miaka miwili ya masomo, kwa sababu mwaka mmoja hauonyeshi kama wanafunzi hurudi baada ya likizo kuu.

Kituo hiki kitakufundisha mambo ambayo cha kwanza kiliyaficha. Utagundua ulikuwa unachagua walimu kwa hisia usizowahi kuziandika, kwamba eneo lenye maegesho finyu linapoteza wazazi jioni, na kwamba kitabu chako cha uendeshaji hakisemi cha kufanya mwalimu asipotokea. Kila mara msimamizi anapokupigia kuuliza jambo, jibu liingie kwenye kitabu siku hiyo hiyo. Simu zikipungua hadi moja au mbili kwa wiki, unakaribia kuwa tayari.

Najua hatua hii inachosha na inakula fedha, na wanaotafuta matawi wapo mlangoni. Wengi huiruka. Halafu mwenye tawi wa kwanza ndiye anayegeuka kuwa jaribio, kwa akiba yake ya maisha.

Hatua ya 5: Mkataba, ada na sheria

Sajili alama ya biashara kabla ya kutia saini na mtu yeyote. Tafuta mwanasheria anayejua franchaizi, kwa kuwa baadhi ya nchi zina sheria mahususi na nyingine huachia sheria ya kawaida ya mikataba. Marekani ina utaratibu unaofaa kuigwa hata pale ambapo sheria haikulazimishi: mwenye jina lazima ampe mnunuzi waraka wa taarifa wenye vipengele 23, angalau siku 14 kabla ya kutia saini au kulipa chochote. Ndani yake mna historia ya kesi, ada zote, na idadi ya matawi yaliyofunguliwa, kuhamishwa na kufungwa, pamoja na mawasiliano ya walioondoka kwenye mtandao hivi karibuni. Mnunuzi mwenye busara huanzia hapo, kwa wale walioondoka.

Ada ya kuingia isiwe ndiyo mapato yako. Ikigharimia mafunzo, ufunguzi na miezi ya mwanzo ya usimamizi, imetosha. Mwenye jina anayeishi kwa ada za kuingia atauza matawi kwa yeyote mwenye fedha; anayeishi kwa mrabaha atauza kwa anayeweza kujaza viti. Weka mrabaha mdogo katika mwaka wa kwanza, halafu upande. Epuka kiwango cha chini cha mrabaha kinacholipwa bila kujali idadi ya wanafunzi, au kianze baada ya mwaka, la sivyo unamkaba mtu kabla hajapata pumzi.

Mipaka ya eneo ndiyo chanzo cha ugomvi mwingi. Usiichore kwa kilomita tu. Hesabu idadi ya wanafunzi wa umri unaowahudumia na shule wanazosoma, kisha uangalie wazazi hupita njia gani wakirudi kazini. Andika pia nani anapata mwanafunzi wa mtandaoni anayeishi ndani ya eneo la mwenye tawi. Mikataba iliyoandikwa kabla ya masomo ya video kuenea ilinyamaza hapo, na ukimya huo ukazaa kesi.

Hatua ya 6: Chagua mwenye tawi kwa tabia ya kila siku

Hahitaji kuwa mwalimu. Walimu wazuri wakati mwingine ni wenye matawi wagumu, kwani hawawezi kujizuia kubadilisha mtaala. Unamtafuta mtu atakayekuwapo kituoni jioni, asiyeogopa kumpigia mzazi simu kuhusu ada iliyochelewa, na anayefuata utaratibu hata pale anapoamini angeweza kuuboresha. Mwombe afanye kazi kwenye kituo chako kwa wiki mbili kabla ya mkataba, mapokezi ikiwemo. Anayekataa amekurahisishia.

Anayetaka tawi kama kitega uchumi cha kutazamwa kwa mbali, mkatalie kwa tawi la kwanza. Rudi kwenye hesabu ya juu: kwa wanafunzi 40 hakuna nafasi ya kumlipa msimamizi na mmiliki asiyefanya kazi.

Hatua ya 7: Linda ubora na watoto

Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Tawi likishajaa ndipo pa kulitembelea zaidi. Nenda bila taarifa angalau mara moja kwa muhula, chukua mafaili kumi bila kuchagua, uangalie kama ngazi aliyopo mtoto inalingana na kazi aliyoifanya. Hapo ndipo ulegevu huanza kuonekana, miezi kadhaa kabla haujajitokeza kwenye mapato.

Usalama wa watoto usiachiwe busara ya tawi. Kila mtu mzima achunguzwe rekodi zake kabla ya kukutana na wanafunzi, milango iwe na kioo, mtoto asibaki na mtu mzima mmoja mahali pasipoonekana, mawasiliano yapitie kwa mzazi, na picha zisitumike bila idhini ya maandishi. Kosa moja hapa halibaki kwenye tawi moja; jina ni la wote. Mkataba useme wazi kwamba kuvunja kanuni hizi ni sababu ya kufunga papo hapo.

Hatua ya 8: Kasi, na mambo usiyoyatawala

Fungua matawi karibukaribu kwanza. Matawi matano katika jiji moja yanagawana walimu wa akiba, matangazo na mkufunzi mmoja anayezunguka. Matawi matano katika mikoa mitano yanakula muda wako barabarani. Kwa maoni yangu matawi mawili au matatu kwa mwaka yanatosha mpaka uwe na mtu wa kudumu ambaye kazi yake ni kuyasaidia tu.

Kumbuka pia kwamba tuisheni hugusa siasa za elimu. Julai 2021 China ilipiga marufuku kampuni kupata faida kwa kufundisha masomo ya shule kwa watoto wa elimu ya lazima, na biashara kubwa mno ikaporomoka ndani ya miezi michache. Seoul ina amri inayotaka vituo vifunge saa nne usiku. Usijenge mtandao mzima juu ya mtihani mmoja ambao wizara inaweza kuufuta kwa tangazo.

Mwisho, panga mapema namna ya kufunga. Baadhi ya matawi hayatafika wanafunzi 40. Weka kwenye mkataba haki yako ya kulinunua tawi linaloyumba kabla halijazima, utaratibu wa kurudisha ada zilizolipwa mbele, na namna ya kuwahamishia watoto tawi la jirani pamoja na mafaili yao, ili mtoto aliyekuwa katikati ya ngazi ya sehemu aendelee wiki inayofuata kwenye karatasi ile ile aliyoiacha.